Shanga za Magharibi

Marehemu mama yangu alikuwa na kidani cha shanga tano za fedha alichorithi kwa mama yake. Ushanga wa kati ulikuwa mkubwa kama yai la njiwa, umepambwa kwa kioo cha manjano, kijani na buluu kilichoyeyushiwa juu ya fedha. Siku zetu za Unguja alikuwa akikivaa jua linapozama tu. Akishasali isha hukivua, akakifunga kitambaani. Tukimuuliza, hujibu kwamba ndivyo alivyoachiwa: bibi alirudi nacho kutoka hija, akasema hizi ni shanga za magharibi.

Mama alipofariki hapa Ibra, Oman, kidani kikaja kwangu. Sikukivaa. Nimefunzwa tangu utotoni kwamba kinga hutoka kwa Mwenyezi Mungu peke yake, na pambo la kuvaliwa giza linapoingia, saa tunayowaita watoto ndani, lilinitia shaka kuwa ni hirizi. Nikakiweka sandukuni, nikawa namwombea mama.

Mwaka huu mjukuu wangu alichumbiwa. Hakutaka dhahabu, alikitaka kidani kile. Nikamwambia wazi kwamba kama ni hirizi hakitavaliwa. Nitakipeleka kwa sonara wa Nizwa akiyeyushe. Hakubishana nami. Aliniomba subira ya siku chache tu.

Akamleta mwalimu mwenziwe, mwanamke wa Moroko anayesomesha naye. Tulipokwisha kunywa kahawa nilifungua kitambaa. Mgeni alikitazama kidani kwa muda kabla hajakigusa, na machozi yakamlengalenga. Alisema kwa Kiarabu kwamba bibi yake, huko milimani kwao, alifariki akaacha kidani kama hiki.

"Hizi ni shanga za Maghribi," akasema.

Maneno yaleyale ya bibi. Mjukuu wangu akanigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Bibi, Maghribi ni nchi yao, Moroko, si magharibi ya adhana. Masikini, bibi mkubwa, mama yako, alikuwa akitazama saa!"

Nilicheka.

Nilimuuliza mgeni kama ndani mna maandishi ya kinga. Akautikisa ushanga mkubwa sikioni mwangu. Ulikuwa mtupu. Akatueleza wanavyosimulia wazee wao: ufundi wa kuyeyushia kioo juu ya fedha ulikuja na watu waliofukuzwa Andalusi, huko Uhispania, Waislamu na Mayahudi, wakawakuta wenyeji wa milimani ambao tangu zamani walikuwa wakifua fedha na kuyeyusha sarafu za biashara. Wakafundishana. Nikakumbuka kuwa bangili zetu za Oman nazo zilitokana na sarafu za reale zilizoyeyushwa. Namna bibi alivyozipata kule Makka, Mungu ndiye ajuaye. Labda mahujaji wawili walipeana zawadi.

Harusi ilikuwa mjini Sur, kwa wakwe. Mjukuu wangu alikivaa kidani tangu alasiri, jua likiwa bado kali. Ilipoadhiniwa magharibi alikivua ili atawadhe, akanitilia kiganjani. Mimi nilikuwa na udhu wangu. Nikakivaa, nikasimama kusali.

Niliposujudu nilizisikia shanga zikigongana taratibu chini ya baibui. Miaka yote ile, saa hiyohiyo, mama naye alikuwa akizisikia katika sijda. Nikarefusha dua yangu kwa ajili yake, nikamshukuru Mola, kisha nikamrejeshea bibi harusi kidani chake.