Nyayo za Mwenzake

Mke wa fundi fremu alijua kukata kioo, kupiga msasa, na kukata ile kadibodi nyeupe inayoizunguka picha ndani ya fremu. Shule aliishia ya msingi, lakini kila picha iliyoletwa kibandani, binti yake wa miaka minne alimkimbilia yeye: "Mama, hapa kuna nini?" Naye alimsimulia mpaka mtoto akasinzia begani.

Hayo yalikuwa kabla wifi yake hajahamia kwao.

Siku hiyo mteja alileta picha ya ndege mdogo juu ya tawi, nchi ya baridi, theluji kila upande. Mama akawahi: "Huyu kanuna. Ona alivyovimba. Kanyimwa uji."

Mtoto akacheka.

"Hajanuna bwana, wifi," wifi akadakia. "Anatunisha manyoya apate joto. Na hizi nyayo huku chini pembeni, unaziona? Mwenzake kapita. Anamngoja."

Palepale mtoto akahama, akamkalia shangazi yake mapajani. "Kaenda wapi? Atarudi?" Wakapiga soga mpaka chai ikapoa. Mama akauma meno. Kuzaa nizae mimi, kusikilizwa asikilizwe yeye!

Ukafika wakati wa kukata kadibodi. Kawaida hufunika ukingo wa picha nusu kidole tu. Mama akapima vidole viwili. Nyayo zikamezwa zote, akabaki ndege peke yake, kanuna.

Mtoto alipokuja kutazama, aliinamisha kichwa achungulie chini ya kadibodi. "Mama, mwenzake je?"

"Yupo, mwanangu. Kajificha."

"Sioni njia yake! Atarudije?" Midomo ikaanza kumtetemeka.

Nafsi ikamsuta mama. Akaichomoa kadibodi, akachukua nyingine nzima, akapima upya.

Mumewe akageuka. "Mama watoto, ile ina nini?"

"Nilikosea."

"Wewe? Ukosee vidole viwili?"

"Nimesema nilikosea. Niache."

Nyayo zilipotokeza, mtoto akapiga makofi. Mama akamfungulia mikono. Mtoto akapita chini ya kwapa lake kama upepo, mbio hadi uani. "Shangazi! Njoo uone, atarudi!"

"Taratibu, kuna vioo hapo!" mama akaita, mikono bado ameitanua.