Tangazo la Kufunga Duka

Muziki wa duka la Brandvold haukuwa muziki wa kusikilizwa. Ulikuwa vinanda na fidla tupu, nyimbo zilizonyang'anywa maneno yake, ukishuka kutoka kwenye spika za darini asubuhi hadi jioni. Sisi wauzaji tulikuwa tunaulalamikia. Mimi niliuza viatu chini ya muziki ule mpaka miguu yangu mwenyewe ikaharibika, na ungeniambia wakati ule kwamba siku moja watu wazima wenye akili zao wangeutamani, ningekucheka mbele ya wateja.

Lakini duka lilipofungwa, watu walilia. Walijazana siku ya mwisho, hata wale ambao hawakuwa wamenunua soksi pale kwa miaka, wakapangusa macho chini ya zile spika. Brandvold ndilo lililokuwa duka kubwa la mwisho katika jengo letu la maduka. Baada yake milango ilitiwa minyororo, na magugu yakaota kwenye maegesho. Pamoja na machozi yale yote, hakuna aliyekuja na pesa ya kulinunua, nami niliwaambia hivyo pale pale.

Orval Tveit hakulia. Yeye alikuwa fundi wa jengo: taa, mabomba, ngazi za umeme, na ile mashine ya muziki iliyokuwa chumba cha nyuma. Kanda mpya zilikuja kwa posta kila mwezi, na amri ilikuwa kwamba za zamani zitupwe. Orval hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Alizipeleka kwake, akazipanga chini ya ngazi karibu na mitungi ya matango ya siki, na mkewe Arlys akamwambia, "Haya, ongeza takataka. Siku utakayokufa nitaita lori."

Arlys aliuza glavu na skafu, kaunta ya kwanza ukiingia. Alikuwa mwanamke nadhifu, mwenye ulimi mtamu kwa mteja na mkali kwetu sisi. Ukimwona ameshika mkono wa bibi fulani, anauvisha glavu kidole kimoja kimoja, ungedhani ni daktari. Orval alimaliza kazi mchana, Arlys alitoka duka likifungwa. Kwa hiyo kila jioni Orval alirudi na lile gari lao la kahawia, akasimama mlango wa wafanyakazi, injini ikinguruma, kiti kikiwa kimeshapata joto. Kwa baridi yetu hii ya Minnesota, hilo ndilo penzi lenyewe. Wanaume wa hapa hawasemi "nakupenda." Wanakuwashia gari.

Nasi tulijua saa ya kutoka bila kutazama saa. Muziki ulikatika, ikaja sauti ya mzee Brandvold, mwenye duka, aliyoirekodi enzi za ujana wake: "Wateja wetu wapenzi, milango yetu inakaribia kufungwa. Tafadhali pelekeni vitu vyenu kwa wauzaji. Tunawashukuru, na tunawatakia safari njema ya nyumbani." Kisha wimbo mmoja wa polepole. Wimbo ule ukianza, kila mmoja wetu alitandika kitambaa cheupe juu ya kaunta yake, akachukua mkoba, akaenda zake. Mzee Brandvold alikufa, tukaendelea kufukuzwa na sauti yake kila jioni.

Miaka ikapita. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia Arlys taratibu, ukianza na majina ya watu. Mimi ninakaa nyumba ya jirani, kwa hiyo niliyaona yote. Akaja akasahau kwamba duka limefungwa. Akaamka asubuhi, akavaa sketi yake ya kazini, akalia kwa hasira kwamba amechelewa. Jioni ilikuwa mbaya zaidi. Orval akimwambia twende tukalale, Arlys alimpiga makofi.

"Bado niko zamu! Nani atauza? Wewe?"

Binti yao, Renae, anayeishi Saint Paul, alikuja akamwona baba yake ana alama za kucha shingoni. Aliongea jikoni mbele yangu, maana mimi pale si mgeni.

"Baba, imetosha. Kuna nyumba ya wazee nzuri karibu na kwangu. Wana manesi."

"Hapana."

"Baba, wewe mwenyewe nyonga inakuua. Utamwangalia vipi?"

"Niliahidi kwamba hatakwenda huko. Aliniomba akiwa bado na akili zake. Yaishe."

"Lavonne, hebu mwambie wewe," Renae akanigeukia.

"Mimi nimwambie Orval?" nikasema. "Bora nikaliambie jiwe, angalau jiwe halinuni."

Ndipo Orval akakumbuka kanda. Alishuka chini ya ngazi, akatafuta redio kaseti ya zamani, akaiweka sebuleni. Fidla zilipoanza, Arlys alinyanyua kichwa. Alikwenda kwenye meza ya kupigia pasi, akaanza kukunja skafu zake. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena, uso umetulia. Mimi niliyechukia muziki ule nilisimama pale mlangoni na sahani yangu ya viazi vya kuoka, machozi yakanitoka, na sioni haya kuyasema.

Jioni ile kanda ilifika mwisho, mzee Brandvold akazungumza. Arlys alitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya pasi. Akavaa koti, skafu na glavu, akachukua mkoba, akatoka mlango wa mbele. Orval alishtuka. Lakini si mtu wa maneno. Akatoka mbio kwa ile nyonga yake, akaleta gari.

"Umechoka?" akamuuliza.

"Miguu tu," Arlys akasema, akaingia.

Wakazunguka mtaa, wakaingilia mlango wa jikoni. Arlys alikuwa amefika nyumbani. Akanywa supu yake, akameza dawa zake, akalala bila kumrukia mtu.

Ikawa ndiyo desturi yao. Mchana Orval alikuwa anazima kanda kabla haijafika kwenye tangazo, anairudisha mwanzo. Jioni ndipo anaiacha iseme. Likianza tangazo, yeye yuko nje tayari, injini inanguruma, mlango wa upande wa Arlys uko wazi. Renae alipoona hivyo hakuitaja tena nyumba ya wazee. Alama za kucha zilipona. Kanisani tuliwacheka, kwa wema, tukamwuliza Orval kama Arlys ameshapandishwa mshahara.

"Bado," alisema. "Ila meneja anamwogopa."

Mazoea yana taabu, wahenga hawakukosea. Kitu kikikusaidia kila siku, unasahau kwamba nacho kina meno.

Februari ile theluji ilianguka usiku kucha. Asubuhi nilimwona Orval na sepetu, anazoa njia ya gari. Nikamwita dirishani.

"Orval! Mwachie kijana wa Lindquist afanye, atakuja na mashine!"

"Nimeshaanza."

"Na kaburi nalo umeshaanza?"

Akacheka, akaendelea. Mimi nikaenda kanisani. Kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja, nasi wanawake tulikuwa na zamu ya kupika chakula cha waombolezaji. Niliporudi alasiri, nilimkuta Orval katikati ya barabara, hana kofia, anaita jina la mkewe.

Alikuwa ameweka kanda baada ya chakula cha mchana. Arlys alikuwa anakunja skafu. Orval aliketi kwenye kiti chake apumzishe nyonga, usingizi ukamchukua. Alipoamka, nyumba ilikuwa kimya na mlango wa mbele uko wazi. Nyayo hazikuwepo. Gari la kusukuma theluji lilikuwa limeshapita, barabara ikabaki nyeupe na laini.

Nani asiyejua Arlys Tveit anakwenda wapi? Mji mzima ulijua. Polisi walikwenda kwenye jengo la maduka. Zimamoto wakaenda. Wanawake wa kanisa waliacha vyombo kwenye maji, wakaenda na mabuti yao. Wakazunguka jengo lile, wakaangaza tochi kwenye vioo vilivyobandikwa mbao, wakachimba marundo ya theluji kwenye mlango wa wafanyakazi. Waliliita jina lake mpaka koo zikakauka. Renae alipiga simu akiwa njiani, sauti yake naisikia mpaka leo: "Nilikuambia, baba. Nilikuambia."

Polisi walikuwa wamemwamuru Orval akae karibu na simu. Nikakaa naye. Jua lilikuwa linazama na baridi ilikuwa ya kuvunja mawe. Alikuwa anazunguka sebuleni, anagusa vitu bila sababu. Akagusa redio kaseti. Kitufe kilikuwa kimejirudisha chenyewe. Kanda ilikuwa imefika mwisho.

Akageuka akatazama meza ya pasi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa, pembe zake zimenyooshwa vizuri.

"Lavonne," alisema. "Hakwenda kazini."

"Atakuwa amekwenda wapi, Orval? Watampata, ngoja."

"Ametoka kazini. Duka limefungwa. Anatafuta gari."

Sikuelewa mara moja, nakiri. Yeye alikuwa ameshatoka. Nikamfuata na koti langu mkononi. Hakuelekea kwenye maduka. Alishuka mtaa wetu, anatazama kila gari lililoegeshwa. Nyumba chache chini yetu kuna watu waitwao Haugland, ambao wakati wa baridi hukimbilia Arizona na kuliacha gari lao uani. Gari la kahawia.

Lilikuwa limefunikwa na theluji lote, isipokuwa kioo kimoja, cha upande wa abiria. Kioo kile kilikuwa kimepanguswa kikawa safi. Upande ule unatazama nyumba, si barabara, ndiyo maana wote tuliopita pale na magari yetu na tochi zetu, tukikimbilia kumwokoa, hatukumwona. Arlys alikuwa ameketi chini, mgongo ameuegemeza kwenye mlango wa gari. Koti limefungwa vifungo vyote. Skafu imefungwa kwa ustadi. Glavu mikononi, maana mwuza glavu hatoki mikono mitupu. Mkoba mapajani. Miguuni alikuwa na ndara za nyumbani, kwa sababu mabuti yake yalikuwa mlango wa jikoni, na kutoka kazini hakupitii jikoni.

Mwili wake ulikuwa umeshapoa. Orval alipiga magoti kwa ile nyonga yake, akajaribu kufungua mlango wa gari la watu, kama kwamba jambo la kwanza ni kumwingiza ndani. Mlango ulikuwa umefungwa kwa funguo. Aliuvuta na kuuvuta. Nilimshika mabega, akaendelea kuuvuta.

Tulimzika siku ambayo ardhi iliyoganda ilibidi ichomwe moto kwanza ndipo ichimbike. Renae hakumlaumu tena baba yake. Ingekuwa heri angemlaumu.

Majira ya joto alikuja kijana kutoka Minneapolis, mpole, ana ndevu zilizopaliliwa vizuri na fulana yenye picha ya nembo ya duka fulani lililokufa kabla yeye hajazaliwa. Alikuwa amesikia habari za kanda. Siku hizi, akatuambia, kuna maelfu ya watu wanaousikiliza muziki huo kwenye mtandao. Wanafanya nao kazi, wanalala nao.

"Unawatuliza, mzee. Wanasema unawakumbusha enzi ambazo dunia ilikuwa salama."

"Enzi zipi hizo?" nikamwuliza. "Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunaumwa miguu."

Akacheka kwa adabu. Orval alimshusha chini ya ngazi, akampa kanda zote bure, maboksi kwa maboksi. Kijana alifurahi kama mtoto. Kisha akaiona ile iliyokuwa ndani ya redio kaseti, akasoma karatasi yake.

"Jamani, ina tangazo la kufunga! Hizi ndizo adimu kuliko zote. Watu wanalia wakizisikia, mzee, wanalia kwa raha."

Nilitaka kumpiga kwa sahani niliyoishika. Hakujua, maskini, hakuna aliyemwambia.

"Hiyo niachie," Orval alisema.

"Nitatoa nakala tu, hapa hapa. Haitaharibika."

"Zote chukua. Hiyo niachie."

Sasa ni baridi tena. Jioni nikiwa jikoni nasikia fidla kupitia ukuta, halafu mzee Brandvold akiwatakia watu wasiokuwepo safari njema. Halafu namwona Orval anatoka na mkongojo, anaiwasha injini, anazunguka gari polepole, anaufungua mlango wa abiria, anarudi kuketi. Wimbo wa mwisho ukiisha, anasubiri kidogo, kisha anazunguka mtaa, anaingilia mlango wa jikoni.

Mwanzoni nilivumilia. Jana theluji ilikuwa inapiga kwa ubavu, naye amekaa pale kwenye gari lililoachama, mzee wa umri ule. Nikatoka na ndara zangu, nikamfokea.

"Orval, utajiua! Unamngoja nani? Si unajua hatoki?"

"Najua."

"Sasa?"

Alitazama mbele kwenye kioo, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Miaka yote ile sikuchelewa, Lavonne. Nilichelewa siku ile moja."

Theluji ilikuwa inaingia na kulowesha kiti, kwa hiyo niliufunga ule mlango wa upande wa Arlys. Orval alishuka na mkongojo wake, akalizunguka gari, akaufungua tena.