Abeli na Ruta Iliyochoka Asubuhi ya Usaili

Kila asubuhi, mswaki ukiwa bado mdomoni, Abeli husimama mlangoni mwa sebule na simu mkononi, hupima kasi ya intaneti na kuitangazia nyumba nzima. "Thelathini," husema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za mvua, ndipo huenda kusukutua.

Jumatatu ile alisema, "Tatu," na mswaki ukamtoka.

Siku nyingine angecheka. Lakini saa nne mkewe, Happiness, alikuwa na usaili wa kazi ya uhasibu katika hoteli moja ya Mikumi, na wasaili wangemwona kwa video tu. Nafasi ya namna hiyo alikuwa akiingoja tangu amalize chuo. Tayari alishavaa blauzi ya ofisini juu, khanga chini.

Abeli anafundisha hisabati Kilosa mjini, na nyumbani hana ruta ya dukani, kile kisanduku cha kugawa intaneti, kama majirani. Ana kompyuta kuukuu kando ya TV, inayotunza picha na filamu za familia, na ndani yake ametengeneza ruta ambayo ni programu tupu, huwezi kuishika. Intaneti yote ya nyumba hupitia humo.

Alibadilisha waya. Tatu. Akachomeka laptopu moja kwa moja kwenye modemu inayoingiza intaneti nyumbani, bila kupitia ruta, ikaja thelathini. Kumbe kampuni ya intaneti haikuwa na kosa, akaacha kuilaani. Akaiongezea ruta fungu lake la nguvu ya kompyuta, akazima, akawasha. Kasi ikapanda, na kabla hajamaliza kujisifu ikazama tena.

"Mwalimu, leo hesabu imekukataa," Happiness alisema, akijipaka poda.

Ndipo alipoigusa kompyuta. Ilikuwa ya moto kama pasi. Shangazi Siwema, aliyefika jana yake kutoka Mamboya, aliwaletea vitambaa alivyofuma mwenyewe, na alikuwa amekivisha kila kitu sebuleni: TV, spika, stuli, na kompyuta nayo, mpaka matundu yake ya hewa yakazibwa. Kwao milimani kuna baridi. Joto la Kilosa hakulifikiria. Na kompyuta ikizidiwa na joto hupunguza mwendo isiungue, ruta iliyomo ndani ikapungua nayo.

Shangazi alikuwa kwenye kochi, anakunywa chai huku akikitazama kitambaa chake kwa raha. Abeli akaenda jikoni, akarudi na pepeo la jiko la mkaa, akaanza kuipepea kompyuta.

Happiness alimtazama mumewe, akatazama saa. Akakinyanyua kitambaa, akakitandika kwenye mgongo wa kiti chake, akamwambia shangazi kwamba hapo wakubwa wa Mikumi watakiona vizuri. Shangazi akakiri kwamba kweli, kule pembeni kilikuwa kinapotea bure.

Kompyuta ikapoa, kasi ikarudi. Usaili ulikwenda bila kukwama, na msaili mmoja akauliza kitambaa kile kimefumwa na nani. Waliagana wakimwambia Happiness afike Mikumi Alhamisi, akaonyeshwe ofisi.

Vigelegele vilipokwisha, shangazi akamgeukia Abeli, pepeo bado mkononi mwake.

"Ulishajua ni kitambaa, mwanangu. Mbona hukukiondoa?"

"Nilikuogopa, shangazi."