Nilivyompigia Hodi Baba Kulwa

Mimi ni ofisa mwandamizi wa kodi ya majengo, na huwa najisifu kwamba nyumba naijua hata kwa kuinusa. Juzi mjini Kharumwa, nikiwafundisha kazi wenzangu wawili wapya, tuliingia kwa Mama Kulwa kwa mlango wa uani. Nyuma ya nyumba yake kuna kajumba kazuri mno: bati jekundu, nondo dirishani, vigae vinavyong'aa.

"Haka hakamo kwenye fomu," nikamwambia. "Anakaa nani?"

"Baba Kulwa amelala humo."

"Mpaka saa tano hii?"

"Amepumzika, mwanangu. Alichimba dhahabu maisha yake yote."

Nikawageukia wenzangu. "Mnaona? Usiandike jengo kabla hujamwona mwenyewe." Nikagonga nondo. "Hodi! Shikamoo, mzee! Naomba utoke kidogo."

Nikazunguka upande wa pili, nikakutana na msalaba wenye jina lake, na maua yaliyomwagiwa maji asubuhi ile ile.

Wenzangu wakainamia fomu zao. Miaka yote ya kazi sijaona mume anayetunzwa vile. Mama Kulwa akamjibia mumewe, taratibu:

"Marahaba. Alipenda sana wageni."