Asilimia Mia na Tano

Kazini walimwita Mama Mizani, na jina hilo hakulikataa, maana alilitolea jasho. Miaka kumi na tisa alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga. Kisha akarudi shule mtu mzima na miwani yake puani, akakaa dawati moja na watoto wa rika la wanawe, akatoka na vyeti viwili, akaajiriwa kwenye taasisi ya utafiti wa afya. Cheo alichopewa ni mtafiti. Mtafiti hivyo hivyo, bila neno la kukipamba. Akakaa nacho mpaka nywele zikaanza kugeuka rangi.

Kilichompa jina ni kazi moja. Tangu wodini alikuwa akiona watoto walioandikwa kilo nzuri kwenye kadi, lakini ukimbeba mmoja ni mwepesi kama kanga iliyokauka. Mwanamke aliyelea anajua uzito wa mtoto kwa mkono wake, haambiwi na mtu. Basi alipopata nafasi ya kutafiti, akachukua jiwe la mizani la kilo tano, lile lililopimwa na kuthibitishwa, akazunguka zahanati sitini na moja, na kila alipofika akalitundika kwenye mizani yao. Mizani thelathini na nne zilisema uongo. Jiwe la kilo tano zinasema tano na nusu, nyingine karibu sita. Springi imechoka. Yaani mtoto amekonda, karatasi inasema amenona, mama yake anaambiwa haya nenda nyumbani, mtoto mzima huyu.

Aliyemwambia habari ya springi ni fundi mizani wa hospitali, mtu aliyeishia shule ya msingi lakini mwenye masikio ya kusikia chuma kikilalamika. Walizunguka pamoja miezi minane. Makala ilipotoka ilikuwa na majina matano: la kwanza lake Mama Mizani, la pili la fundi, la tatu la mtakwimu aliyepiga hesabu, la nne la daktari mmoja wa ng'ambo aliyenyoosha lugha, na la mwisho la Profesa, ambaye alikuwa mkuu wa idara, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya.

Makala ile ilikwenda mbali. Kwa watu hawa wa utafiti, mwenzako akiandika kitu chake na kukutaja kwamba jambo hili nimelitoa kwa fulani, inahesabiwa moja. Wengi hutajwa mara nne, mara sita, na mbili kati ya hizo wamejitaja wenyewe. Ya Mama Mizani ilitajwa mara mia nne thelathini na nane. Watu wa nchi asizoweza hata kuzitamka walikuwa wakitundika mawe kwenye mizani zao kwa sababu yake.

Lakini alitaka kurudi. Alitaka kwenda zahanati zile zile sitini na moja aone kama zile mizani mbovu zilitolewa, au watoto bado wanaongezewa kilo za karatasi. Mara tatu aliandika maombi, mara tatu yakarudi na mstari mmoja: mwombaji si mtafiti mwandamizi. Asiye mwandamizi haongozi utafiti. Na kupanda kuwa mwandamizi mwisho ni kabla ya miaka hamsini na mitano, naye alikuwa anaitimiza mwezi unaofuata. Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa saa kumi alasiri. Akikosa hapo, amekosa moja kwa moja.

Masharti yalikuwa makala kuu tatu. Makala kuu ni ile ambayo sehemu yako haipungui asilimia thelathini. Mbili alikuwa nazo. Ya tatu ilikuwa hii ya mizani, na nani angebisha? Ila kulikuwa na fomu. Kila aliyetajwa kwenye makala aandike sehemu yake, atie saini, na jumla iwe mia. Aliyekufa, mrithi wake anasaini. Fundi alikuwa amefariki miaka minne nyuma.

Jumatatu Mama Mizani akawapigia simu wote, majibu akayaandika nyuma ya bahasha. Jioni dada yake mkubwa, mshonaji aliyekaa naye nyumba moja, akaichukua ile bahasha na kuijumlisha kwa kalamu ya chaki ya kitambaa.

"Profesa arobaini," alisoma. "Mtakwimu thelathini. Huyu wa ng'ambo kumi na tano. Mjane wa fundi ishirini. Mdogo wangu, hii ni mia na tano."

"Najua."

"Na wewe bado hujajiandika."

"Najua, dada."

"Basi wewe makala hukuiandika, umeipunguza. Uwarudishie watu asilimia zao tano." Akacheka peke yake. Alipoona mwenzake hacheki, akaiweka bahasha mezani. "Mimi nikishona gauni, anayeuza uzi hanidai mkono mmoja wa gauni. Nyie mmesoma wapi?"

Jumanne Mama Mizani akaanza kubembeleza. Aliyemsumbua kidogo ni yule aliyedhani atamsumbua sana. Daktari wa ng'ambo alijibu barua pepe kabla chai haijapoa: samahani, sikuelewa hesabu yenu, niandikieni tano, mimi niliisoma tu na kurekebisha lugha. Saini yake ikaja hapo hapo. Mtakwimu alikuwa mgumu zaidi. "Bila takwimu hiyo si makala, dada, hiyo ni safari," alisema kwenye simu. Mama Mizani akamuuliza ni siku ngapi alizitumia kwenye zile hesabu. "Siku nne," akasema. "Haya, kumi na tano. Lakini usimwambie mtu kwamba ni siku nne."

Sasa ilikuwa Profesa arobaini, mtakwimu kumi na tano, wa ng'ambo tano, mjane ishirini. Themanini. Kwake zimebaki ishirini, na anahitaji thelathini. Kumi tu. Azitoe kwa Profesa au kwa maiti.

Jumatano akaenda kwa mjane. Alimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki sebuleni, na ukutani, kwenye fremu ya kioo ya bei, ilikuwa ile makala, ukurasa wa kwanza, jina la mumewe limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Mjane hakujua neno hata moja la lugha iliyoandikwa pale isipokuwa lile jina.

"Shemeji yako hakuwa mtu wa asilimia kumi," alisema kabla hata ya mgeni kuketi. "Simu yako ya jana niliielewa. Umekuja kunipunguza."

"Nimekuja kukuomba, mwenzangu wa tabu."

"Nani alibeba lile jiwe?"

"Yeye."

"Nani alisema springi imechoka, wewe ukamwambia haiwezekani?"

"Yeye. Na mimi nilibisha siku mbili."

"Basi ishirini. Na nimekuonea huruma." Akachukua kalamu, akaweka saini yake ya taratibu, herufi moja moja, kama mtu anayepanga vikombe. Pale pa kuandika namba akapaacha. "Miwani yangu imevunjika, visanduku vyenu hivi sivioni. Andika wewe hiyo ishirini. Nakuamini."

Alirudi na fomu mkobani, na saini ya mjane juu ya nafasi tupu. Njia nzima ile nafasi ilimkera kama kokoto kiatuni.

Alhamisi akaketi mlangoni kwa Profesa tangu saa mbili asubuhi. Aliingizwa saa saba. Profesa hakuwa mtu mbaya wa sura; alisimama, akamkaribisha, akamwita mama yangu.

"Nisaidie kumi," alisema Mama Mizani. "Ushike thelathini. Hata thelathini, Profesa, mimi na wewe tunajua."

"Mama yangu, na mimi nina kamati yangu mwezi ujao. Nataka uprofesa kamili. Makala iliyotajwa mara mia nne na zaidi, niende nayo na thelathini? Watanicheka. Na mimi fomu yangu na yako lazima ziseme kitu kimoja."

"Mimi kwangu ni kesho. Baada ya kesho hakuna."

"Ndiyo maana nakuambia tafuta njia nyepesi." Akainama mbele, sauti ikashuka. "Mpunguze marehemu. Marehemu hapandishwi cheo. Kumi kwake, thelathini kwako, arobaini kwangu. Imekaa vizuri kabisa. Nani ataumia?"

Mama Mizani aliuangalia uso wake kwa muda, akitafuta kama anatania. Hatanii.

Ijumaa saa tisa na nusu alikuwa mbele ya karani wa kamati, kijana wa shati lililopigwa pasi vizuri, mhuri mkononi, saa ya ukutani juu ya kichwa chake. Fomu iko mezani. Kalamu iko mkononi. Saini ya mjane ipo, nafasi tupu. Moja na sifuri, basi. Hata mjane mwenyewe asingejua, na zahanati sitini na moja zilikuwa zinamngoja.

"Mama, imebaki namba moja na ya kwako," alisema karani. "Jaza tu, nigonge."

Akajaza. Kwa marehemu, ishirini. Kwake mwenyewe akaandika sitini.

Karani akajumlisha kwa midomo. Akarudia. "Mama Mizani, hii ni mia na arobaini."

"Ndiyo."

"Inatakiwa mia."

"Mwanangu, umeniuliza sehemu yangu, nimekuandikia sehemu yangu. Wewe tafuta hapo nani amezidisha."

"Mimi sitafuti, mama, mimi nagonga." Yule kijana alionekana kuumizwa na jambo lile. "Andika ishirini, nitaipokea. Faili lako litaingia."

"Litaingia na kushindwa."

"Litaingia."

"Basi lisiingie." Akaichukua fomu, akaikunja mara nne. Alifika ngazini akaketi pale pale kwenye ngazi za taasisi, watafiti vijana wakampita na salamu zao za haraka. Alikuwa na hasira, tena hasira ya kijinga isiyo na pa kwenda. Saa kumi ikapita yeye yuko pale.

Mwezi uliofuata Profesa alimfuata yeye, hadi chumbani kwake, chumba cha meza moja na makabati mawili ya kadi za watoto. Alikuja na fomu yake mpya. Arobaini yake imeshaandikwa, saini za wengine zimeshapatikana, mjane naye kaandikwa ishirini. Amebaki Mama Mizani.

"Wewe sasa haikusaidii wala haikudhuru," alisema Profesa. "Saini tu hiyo ishirini, mama yangu."

"Nitasaini." Profesa akashusha pumzi. "Lakini fomu hii ya uprofesa ina mistari miwili hapa chini ya jina lako, yangu haikuwa nayo. Imeandikwa: eleza ulichofanya. Wenzako wamejaza. Ya fundi nitaijaza mimi: aligundua springi, alibeba jiwe. Wewe pako wazi. Jaza, chochote utakachoandika mimi nasaini."

Profesa akatoa kalamu. Akaandika: usimamizi. Akaikata. Akaandika: ushauri wa, akasimama hapo.

"Ushauri wa nini?" Mama Mizani aliuliza, naye akiendelea kupanga kadi zake, bila kuinua kichwa.

"Nafikiri."

"Fikiri, Profesa. Chai ipo."

Alikaa robo saa nzima. Nje mtu alifagia korido akamaliza. Mwisho Profesa alifunga kalamu, akasema atakuja Jumatatu, atakuwa amekumbuka. Jumatatu tatu zimepita. Yeye bado si profesa kamili, na Mama Mizani bado ni mtafiti hivyo hivyo, na zile mizani hakuna aliyekwenda kuzitazama.