Nyavu Sita za "Look"

Enyi mliowahi kuvaa kibao shingoni, sogeeni karibu, hawa wa simu hawatatuelewa. Enzi zetu pale Muhuru Bay, ukiponyokwa na neno moja la Kijaluo shuleni ulivishwa kibao cha mbao, kizito kama mlango wa kanisa, ukatembea nacho mpaka umnase mwenzako akiteleza vilevile, umvishe yeye. Aliyekuwa nacho Ijumaa jioni alimleta mzazi Jumatatu.

Dani, nyanya aliyenilea, alikuwa ameshaitwa mara mbili, na mara zote soko la omena likampita. Akaniapia: "Nyathina, mwanangu, wakiniita mara ya tatu, utabaki hapa na samaki. Masomo basi." Dani hakuwa mtu wa kutisha bure.

Ijumaa moja kibao kikanikalia mimi. Njia ya kupona ilikuwa moja tu: mwalimu wa Kiingereza alimsamehe aliyesimama akataja maneno sita ya "look" na maana zake. Nilikuwa nimejiandaa. Wiki nzima, nikigeuza omena iliyoanikwa juani juu ya nyavu sita, kila wavu niliupa neno lake: wa kwanza "look for", kutafuta, wa pili "look into", kuchunguza, wa tatu "look down on", kudharau, wa nne "look after", kutunza, wa tano "look up to", kumstahi mtu, wa sita "look forward to", kungoja kwa hamu. Nikifumba macho nilikuwa naziona zote pale mchangani, hadi harufu.

Lakini asubuhi ile wingu lilitanda ziwani. Wavu wa nne ulikuwa umeshakauka, Dani akaukunja mbio, akaubeba ndani.

Nikasimama. Darasa kimya, ungesikia chungu akikohoa. Matatu ya kwanza yakatoka kama risasi. Nikafumba macho: mchanga mtupu.

"Akinyi, la nne," mwalimu akasema, chaki ikigonga meza.

Jasho lilinitoka, nusura ziwa lifurike. "Ruka, wewe!" Atieno wa dawati langu akaninong'oneza. Nikaruka, nikataja la tano na la sita.

"Hayo ni matano."

Kengele ikalia.

Jumatatu Dani alikuja, akanivua kibao kwa mkono wake, akakilaza mezani kwa mwalimu, akanishika mkono, tukaondoka. Niligeuza omena ya kulisha Kenya nzima na jirani zake kabla sijaingia shule ya jioni hapa Migori mjini, nikiwa mama wa watoto watatu, nikahitimu nikicheka kuliko wote.

Siku hizi binti yangu anauliza simu, inamjibu kabla hajafunga mdomo, naye anasahau kabla hajaizima. Sisi neno moja lilitugharimu utoto mzima, ndiyo maana halitoki.

Dani sasa anaishi kwangu. Juzi nikimnywesha uji akaniuliza ni neno gani lilinishinda siku ile. Nikamwambia: kutunza. Nikamweleza na habari ya nyavu.

Akasukuma kikombe pembeni, akanishika mkono vilevile kama Jumatatu ile.

"Kumbe ni mimi niliyelikunja."