Maua Meupe ya Kashojwa

Kila Jumatatu na Alhamisi, kabla jua halijawa kali, Pélagie Nabintu alitoka nyumbani kwake Kashojwa akiwa na simu, kamba yenye mafundo na mifuko miwili ya plastiki ya kuvaa mikononi. Kazi yake, aliyoifanya kwa kujitolea pamoja na wakulima wengine kumi na mmoja wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilikuwa kulisaka gugu karoti, mmea mgeni wenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe, unaowasha ngozi na kudhoofisha mazao yaliyo karibu nao. Kila alipouona aliupiga picha, akapima kwa kamba eneo ulilolifunika, akatuma taarifa kwenye ofisi moja ya utafiti mjini Mbarara, ndipo akaung'oa. Simu ilimjibu kwa maneno yaleyale siku zote: "Asante. Taarifa yako imepokelewa."

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Alikimbia kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, pamoja na mumewe, Léopold, ambaye alifia hapahapa Nakivale. Tangu hapo Pélagie aliishi kwa kipande cha shamba la maharagwe chini ya mteremko, na hakuwa na ardhi nyingine. Kwa misimu miwili gugu lilirudi humo kila lilipong'olewa, tena kwa wingi zaidi. Msimu wa kwanza alivuna magunia mawili. Uliofuata, madebe matatu.

"Madame Photo!" Bernardine, jirani yake wa shamba, alimtania siku moja alipomkuta amechuchumaa na simu. "Ile majani unaipiga photo mingi kuliko bajukuu bako. Inakulipaka nini?"

"Inanilipaka kuwashwa," alijibu Pélagie huku akijikuna kiwiko.

Wakacheka. Kisha Bernardine akatazama maharagwe yake mwenyewe. "Lakini bale bantu ba Mbarara, batakuja siku gani?"

Mwezi Agosti, alipokuwa amekwisha kutuma taarifa mia moja na kumi na nane, Pélagie alifunga safari kwenda Mbarara kuuliza mwenyewe.

Ofisini alipokelewa na Annah, binti wa kabila la Wanyankore wa huko, aliyekuwa akizisoma taarifa za wajitoleaji wote. Alimpa chai, akamgeuzia kompyuta. Kwenye ramani kila taarifa ilikuwa nukta nyekundu. Nukta zilijazana mashambani, zikapanda mteremko zikizidi kusongamana, halafu zikakoma ghafla.

"Mama, wewe ndio unafanya kazi mzuri kuliko wote," alisema Annah. "Lakini hapa juu iko nini? Mbegu inashuka na maji ya mvua. Inatoka huku, na huku hakuna hata picha moja."

"Kule kuko makaburi."

"Na hiyo gugu, iko kwa makaburi?"

Pélagie alitazama chai yake. "Iko."

"Sasa mbona hutumi?"

"Kaburi haipigwaka photo, mwanangu. Na kile kilipandwa kwa kaburi haking'olewaka."

Hiyo ilikuwa desturi yao, naye aliieleza kwa ukweli. Hata hivyo, kulikuwa na sehemu ambayo hakuisema. Miaka sita nyuma, Léopold alizikwa wakati wa kiangazi, na mkewe hakupata ua lolote la kumpandia. Kando ya barabara ya Kaberebere akaona maua meupe yaliyostahimili ukame. Akayachimba pamoja na mizizi, akayabeba ndani ya sufuria. Yakashika. Akina mama wa kwaya waliyapenda, na tangu siku hiyo kila aliyefiwa alikuja kwake kuomba mche. Mingi aliipanda kwa mkono wake mwenyewe, akiomba. Siku ya mafunzo ya wakulima, kabla ya kazi hii kuanza, mwalimu alipoonyesha picha ya gugu, alilitambua mara moja. Ndiyo sababu alijiandikisha, na ndiyo sababu alinyamaza.

"Ofisi haiwezi kutuma bantu?" aliuliza.

"Sisi tunakusanya taarifa tu, mama. Kung'oa ni kazi ya wengine, na hao wananiambia hawana mafuta ya gari." Annah alisema hayo kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. "Ongea na watu wako. Mvua ya Septemba ikikuta hizo maua, mbegu yote inashuka."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Pélagie alisimama mbele ya watu akawaeleza yote, pamoja na habari ya sufuria, akawaomba wayang'oe maua makaburini. Hakuna aliyepaza sauti. Emery, katibu wa kamati ya mazishi, ambaye mkewe alikuwa amezikwa kule juu, ndiye aliyeuliza.

"Mama Pélagie, siku ya kuzika bibi yangu, nani alipanda ile maua?"

"Ni mimi."

"Ulisema nini?"

"Nilisema haitakauka, hata kama sisi tutahama."

"Basi. Ndio ile maua tu ilibakia yangu. Nitaitoa namna gani?"

Hakukasirika. Pélagie alimgeukia Bernardine, kwa kuwa shamba lake nalo lilikuwa linakufa.

"Mimi nilisha kukosa Gradi," Bernardine alisema. Gradi alikuwa mwanawe wa mwisho, naye alizikwa kule juu. "Sitamukosa tena juu ya maharagwe."

Kesho yake Pélagie alipanda mteremko peke yake, akiwa na jembe na gunia. Makaburi yalikuwa sitini na manne, yote yamefunikwa na weupe, na katika hayo alikuwa na haki juu ya moja tu. Alipiga picha kaburi la Léopold. Alipima: mafundo matatu ya kamba. Alituma taarifa, akavaa mifuko mikononi, akang'oa shina moja baada ya jingine mpaka udongo ukabaki mtupu, kisha akayatia mashina yote guniani. Simu ililia mfukoni. Hakuitoa, kwa kuwa maneno aliyajua.

Upande wa Ziwa Nakivale mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya. Chini, Bernardine alikuwa ameanza kupanda maharagwe, mstari kwa mstari. Pélagie alifunga mdomo wa gunia lenye magugu, akachukua jembe lake, akashuka kumsaidia kwa njia ileile ambayo maji ya mvua yangepita na mbegu.